Daftari la Mahudhurio na Duara la Dhahabu

Mkuu wa Chuo na wakufunzi, shikamooni. Za kwenu vijana nilishazipokea getini.

Nimeombwa nizungumze nanyi walimu watarajiwa juu ya ajira ya watoto na shule. Nimefundisha shule za msingi mkoani Geita miaka 31, sehemu kubwa katika shule ambayo ukisimama uani unasikia karasha zikisaga mawe ya dhahabu. Kwa hiyo sitaanza na takwimu, nitaanza na daftari la mahudhurio.

Daftari lile limenifundisha kwamba mtoto haachi shule kwa siku moja. Anaanza kukosa Ijumaa. Baadaye Alhamisi na Ijumaa. Ikitokea rashi, watu wakivumishiana kwamba porini mwamba umetema dhahabu na kuukimbilia, wiki nzima ni sifuri. Shimo la dhahabu kwetu huitwa duara, basi wenzangu wakiona zile sifuri zangu walinitania kwamba nachora ramani ya machimbo.

Kwenye mtihani mtaandika kwamba chanzo ni umaskini, na mtapewa maksi. Lakini pale kijijini karibu wote tulikuwa maskini, na si watoto wote waliokwenda mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016 elimu bila ada ikafika mpaka kidato cha nne. Madarasa yakafurika, watoto wakakaa chini. Vikabaki sare, madaftari na tumbo.

Tumbo hatulitazami vya kutosha. Shule isiyo na uji humkalisha mtoto na njaa toka saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mwaloni, akishateka ndoo chache za maji, saa nne mama ntilie anampa chapati na chai ya rangi, na jioni anaondoka na chochote mfukoni. Nyumbani yuko bibi anayemlea, maana wazazi wametengana au wamefuata rashi nyingine. Ile pesa inanunua unga wa usiku huohuo. Nani atamgombeza? Sisi tunamwahidi maisha mazuri baada ya miaka saba, naye ana njaa leo.

Kazi zenyewe ni kuponda mawe kwa nyundo, kubeba viroba, kuteka maji. Halafu iko zebaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa unachanganywa na zebaki kwenye karai, mikono mitupu. Inakamuliwa kwenye kitambaa mpaka ibaki punje nyeupe kama fedha, na punje inawekwa juu ya makaa kwenye kifuniko cha kopo. Taratibu inageuka njano. Watoto huinama kuangalia, maana kwao hapo ndipo penye utamu, kumbe wanavuta mvuke unaodhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono inatetemeka, kumbukumbu inapungua. Mtoto wa namna hiyo sisi darasani tunamwita mzito.

Sheria haina kigugumizi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomzuia mtoto kusoma. Uchimbaji wa madini umetajwa humo kuwa kazi ya hatari, marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Wala msiseme hayo ni ya Geita. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulihesabu watoto milioni 4.2 katika ajira ya watoto, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa kwenye kilimo. Mtakaopangiwa Tabora mtawakuta kwenye tumbaku.

Sasa nisimulie langu. Kijana mmoja wa darasa la tano alikuwa moto wa hesabu. Gramu na pointi, vipimo vya dhahabu, alizigawa kichwani kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Akapotea siku tisa. Jumatatu akarudi, shati limefuliwa, mkononi daftari jipya alilonunua kwa pesa yake. Nikamchapa mbele ya wenzake kwa utoro. Nilijiona nalinda nidhamu. Jumanne hakuja, na darasani sikumwona tena. Ni kweli duara lilimvuta. Lakini Jumatatu ile alikuwa ametoka humo kwa miguu yake mwenyewe, na aliyemrudisha ni mimi.

Mwaka juzi tulikutana sokoni Katoro. Baba wa watoto wawili, kanipa shikamoo kwa furaha, kinyongo hana. Akachomoa karatasi mfukoni, mkataba wa mgao na mwenye duara, akaniomba nimsomee. Yeye aliambiwa kila mzigo ukitoka atapata viroba vinne. Karatasi ilisema viwili. Nikarudia kusoma, polepole. Akauliza kama chini kuna alama ya dole gumba. Ilikuwepo, ya wino wa bluu.

Karibuni maswali.