Nguvu ya Kiganja Imo Kigashani

Asalaam aleikum, ndugu zangu na mama zangu. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka sokoni Kongowea na bandarini moja kwa moja, jasho halijakauka.

Kabla sijagusa chuma, kila mtu ajishike kigasha cha mkono wa kulia, hapa chini kidogo ya kiwiko. Sasa chezesheni vidole. Mwaona? Kidole chacheza kule, nyama yatukutika huku. Vidole vyenyewe havina misuli. Vinavutwa hasa na misuli ya kigasha kwa kano ndefu, zile nyuzi ngumu zinazounga msuli na mfupa, zinazopita kwenye kifundo cha mkono, mfano wa baharia anayevuta demani, ile kamba ya tanga, naye yuko mbali na tanga lenyewe. Ndiyo maana anayetaka mshiko imara hufanyia kazi kigasha.

Keti. Laza kigasha juu ya paja, kiganja kitazame juu, kifundo kipite goti. Shusha dambeli taratibu, kisha ikunje ije kwako. Huu ni upande wa ndani, na wengi wenu mnao tayari: hamali kwa mkokoteni, mama kwa kukuna nazi.

Upande ninaouombea leo ni wa nje, unaoinua kiganja. Geuza, kiganja kitazame chini, uinue. Aliyekunja kilo 8 bila shida hapa atatetemeka na 3, na asione haya. Mimi niliupuuza miaka miwili, nikazidisha uzito upande mmoja tu. Nikaanza kuumwa nje ya kiwiko, hadi kuinua birika la chai nikawa siwezi. Miezi ilipita kabla sijapona.

Fanya mara 12 hadi 15, seti 2 au 3, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Msuli hupata nguvu upesi. Kano huchelewa, kwa kuwa damu huifikia kidogo. Kwa hiyo usiongeze uzito kwa sababu tu msuli umekubali. Ukihisi ganzi vidoleni, acha, ukamwone daktari.

Huna dambeli? Chupa ya lita moja na nusu ikijaa maji ni kilo moja na nusu. Na mitungi miwili ya lita 20, ukiibeba mgongo umenyooka, hilo ni zoezi kamili la mshiko.

Haya, mama wa mstari wa mbele, karibu. Shika hii ya kilo 2. Kigasha pajani, kiganja chini. Taratibu, mama. Taratibu zaidi.