Harusi ya baridi: buti kwanza, mengine baadaye

REHEMA: Tuanze moja kwa moja. Wiki hii nimeshinda sakafuni na mizani ya begi. Kundi letu la safari limenitwisha upangaji wa mizigo ya harusi, harusi yenyewe iko kwenye theluji, na kitu kimoja tu kimemeza kilo zote: buti.

SHABANI: Nilijua. Kabla hujafungua mdomo.

REHEMA: Jozi moja ya buti za theluji ina kilo moja na nusu mpaka mbili. Mkiwa watu sita, mmeshamaliza kilo kumi hivi kwa viatu peke yake, gauni halijaingia, suti haijaingia. Kwa hiyo buti hazifungashwi. Zinavaliwa kwenye ndege. Koti nzito nalo linavaliwa au linabebwa mkononi.

SHABANI: Na soksi ya pili ndani ya buti.

REHEMA: Kaka Shabani, dakika ya kwanza hii!

SHABANI: Wasikilizaji wananijua, sijaficha kitu.

REHEMA: Nina karatasi hapa yenye mambo matano: mavazi, kutembea mjini, simu, vyumba na hela za kundi. Ukianza soksi hatufiki la pili.

SHABANI: Soksi si mavazi?

REHEMA: Haya. Sema, umalize.

SHABANI: Watu wakisikia baridi wanavaa soksi mbili za pamba. Hapo wamekosea mara mbili. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, na mguu hutoka jasho hata kwenye baridi, hasa ukitoka nje ukaingia kwenye jengo lenye joto, ukatoka tena. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Hilo la kwanza.

REHEMA: La pili naomba niliseme mimi, maana nimelisikia kwako mpaka nimelikariri. Ukibana soksi mbili ndani ya buti iliyokutosha sawasawa, unafukuza hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Halafu unabana na damu. Vidole vinakuwa baridi kuliko vingekuwa na soksi moja.

SHABANI: Mwanafunzi mzuri.

REHEMA: Sasa kama ni hivyo, hiyo soksi ya pili unayoihubiri kila kipindi inatoka wapi?

SHABANI: Inatoka dukani, siku ya kununua buti! Unakwenda na soksi zako mguuni: nyembamba ya sufu ndani, nene juu. Fungua kamba zote, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kiingie bila kulazimisha. Kisipoingia, chukua saizi ya juu. Soksi ya pili inanunuliwa pamoja na buti, haiongezwi hotelini.

REHEMA: Na ambaye ameazimwa buti?

SHABANI: Soksi moja nene, basi. Kisha aongeze soli ya ndani ya sufu nzito, kama nafasi ipo. Baridi nyingi ya mguu inapanda kutoka chini. Ukisimama kwenye lami ya barafu robo saa mkipigwa picha, ardhi inanyonya joto kupitia soli. Ndiyo maana mpiga picha mzoefu anatembea na vipande vya boksi. Unasimama juu ya boksi, pindo la gauni linalifunika, hakuna anayeona.

REHEMA: Hilo la boksi liandikwe. Bi harusi na wasimamizi wake, kila mmoja na kipande chake, na buti zibaki mguuni kwa picha zote za kuanzia kiunoni kwenda juu. Viatu vya harusi vitoke kwa picha mbili tatu za mwili mzima, kisha virudi mfukoni. Satini ikiguswa na lile tope la theluji na chumvi imekwisha. Alama nyeupe haitoki.

SHABANI: Kwenye buti ya ngozi inatoka. Kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye kikombe cha maji, kitambaa laini, unafuta siku hiyohiyo. Ukiiacha wiki, chumvi inakausha ngozi na inaanza kupasuka.

REHEMA: Na wasikilizaji wajue, chumvi ya barabarani haifanyi kazi kila baridi. Ikishuka chini ya nyuzi 9 au 10 hasi, chumvi ya kawaida inayeyusha taratibu mno. Ndipo miji mingi inamwaga mchanga au kokoto. Ukitoka hotelini ukaona kokoto njiani, elewa kwamba chini yake barafu bado ipo. Hawakuiyeyusha, wameipunguzia utelezi tu.

SHABANI: Na madaraja yanaganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo unapita juu na chini yake. Lami inaonekana imelowa kidogo tu, nyeusi, inang'aa. Hiyo ni barafu. Hapo unatembea kama bata: hatua fupi, nyayo zimetazama nje kidogo, uzito wote juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko.

REHEMA: Mikono nje ndiyo inayowashinda watu. Kwa hiyo glavu. Na kama mna yale meno ya chuma ya kuvalisha juu ya kiatu, yavuliwe mlangoni. Kwenye vigae vya ukumbi yanateleza vibaya kuliko soli tupu, na yanachora sakafu ya watu.

SHABANI: Ila viatu vya suti vyenye soli ya ngozi...

REHEMA: Havikanyagi nje. Hata kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Maana gari haliwezi kufika mlangoni siku zote. Theluji iliyosukumwa na greda inabaki ukingoni kama ukuta, mnashushwa upande huu, mlango uko upande ule. Na pale kwenye kivuko kuna dimbwi la maji ya theluji lililofunikwa utando mwembamba. Juu linaonekana gumu. Ukikanyaga, maji yanapita kifundo cha mguu.

SHABANI: Na hapo soksi...

REHEMA: Hapana!

SHABANI: Hapo soksi ya akiba, dada. Kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya koti. Sijasema ya pili, nimesema ya akiba.

REHEMA: [anacheka] Umeshinda hiyo. Twende namba mbili. Kutembea mjini: kabla ya harusi au baada?

SHABANI: Baada. Hata halina mjadala.

REHEMA: Kabla. Na nina hesabu. Chukua Helsinki, Finland, mwishoni mwa Desemba. Jua linachomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, linazama saa tisa na robo alasiri. Mwanga wa mchana haufiki saa sita. Sasa siku ya baada ya harusi: sherehe imeisha saa nane usiku, watu wanaamka saa tano, wanakula, mmoja anatafuta glavu, mnatoka saa saba. Mmebakiwa na saa mbili za jua. Hiyo si kuona mji, hiyo ni kuvuka barabara.

SHABANI: Nani kasema mji lazima uuone kwa jua? Miji ya baridi imejengwa kwa giza. Taa ziko mitaani, theluji inarudisha mwanga. Na ipo ya ndani: Montréal, Kanada, wana njia za chini ya ardhi zaidi ya kilomita 30, zimeunganisha stesheni za metro, maduka, vyuo na hoteli. Calgary, Kanada hukohuko, wao wamepitisha madaraja ya vioo kati ya majengo, mita nne na nusu hivi juu ya barabara. Unatembea na sweta.

REHEMA: Hiyo ni miji yenye bahati hiyo. Na watu wamesafiri kuona mto ulioganda, si korido.

SHABANI: Sikiliza basi hoja yenyewe, maana si giza wala mwanga. Ni buti. Mkitembea siku moja kabla, buti zinalowa. Kama hazikulowa na theluji, zimelowa na jasho. Kesho yake ni harusi na mna buti moja moja, wewe mwenyewe umesema kilo hazitoshi kubeba mbili. Unavaa buti mbichi, unasimama kwenye picha, umekwisha. Na hapo sijataja mtu aliyeanguka akavunjika kifundo cha mkono, msimamizi anasimama na plasta.

REHEMA: Zinakauka usiku.

SHABANI: Hazikauki.

REHEMA: Zinakauka ukizikausha. Mmerudi saa tisa, jua linazama. Mpaka saa tatu asubuhi ni saa kumi na nane. Toa bitana kama inatoka, toa soli ya ndani, fungua kamba zote, vuta ulimi mbele. Kunja magazeti mabonge, sukuma mpaka kwenye vidole. Baada ya saa moja yatoe yamelowa, weka mapya. Rudia kabla ya kulala. Buti zilale ubavu, mita moja kutoka kwenye hita. Na hewa ya hotelini majira ya baridi ni kavu kupindukia, kwa sababu hewa ya nje ya baridi inabeba mvuke kidogo sana, kisha inapashwa moto ndani. Nguo uliyofua inakauka usiku mmoja.

SHABANI: Kama bitana inatoka! Buti za bei rahisi, zile ambazo mtu wa safari moja ananunua, bitana yake imegundishwa. Maji yanakaa pale mbele kwenye vidole, gazeti halifiki. Ingiza kidole asubuhi, ukihisi ubaridi mahali hapo, bado imelowa. Kinachofuata mtu anaogopa kuchelewa, anaipandisha juu ya hita. Gundi inalainika, ngozi inakakamaa, soli inafunguka mbele kama mdomo siku ya harusi.

REHEMA: Asiipandishe juu ya hita. Kuna kikausha nywele bafuni, kwenye hewa ya baridi au vuguvugu.

SHABANI: Bafu moja, watu watatu chumbani, wote wanatengeneza nywele.

REHEMA: Usiku, Shabani! Nani anatengeneza nywele usiku?

SHABANI: Wanaojua harusi ni saa saba mchana.

REHEMA: Kwa hiyo kundi likae hotelini siku nzima, limeruka maelfu ya kilomita, linatazama dirisha?

SHABANI: Likae ndani ya majengo. Makumbusho, maktaba. Hapo Helsinki kuna Oodi, maktaba kubwa mbele ya bunge, imefunguliwa 2018, kuingia ni bure. Wajihadhari tu na Jumatatu, makumbusho mengi ya miji mingi hufungwa. Mto ulioganda wauone keshokutwa ya harusi.

REHEMA: Keshokutwa wako uwanja wa ndege.

SHABANI: Waongeze siku moja.

REHEMA: Waongeze kabla! Siku mbili kabla watembee nje, siku moja kabla wakaushe. Na ukifika mapema mwili unazoea saa za huko, mwanga wa asubuhi unasaidia.

SHABANI: Ndege ikichelewa kwa theluji, hiyo siku ya ziada ndiyo imeliwa. Umerudi palepale, unatembea siku moja kabla.

REHEMA: Ndege ikichelewa ndipo unashukuru uliweka siku kabla, si baada. La sivyo umekosa harusi.

SHABANI: Kufika mapema nakubali. Kutembea mapema sikubali.

REHEMA: Basi mimi sibadiliki.

SHABANI: Na mimi sina haja ya kubadilika.

REHEMA: Naonyeshwa dakika hapa. Zimebaki mbili. Mbili!

SHABANI: Vyumba na hela za kundi?

REHEMA: Hamna. Vyumba hatugusi. Simu peke yake, haraka.

SHABANI: Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ya lithiamu ikipoa inashindwa kutoa umeme wa kutosha, simu inazima ikiwa inaonyesha asilimia 30. Haijaharibika. Ipashe joto mwilini, itawaka.

REHEMA: Lakini usiichomeke ikiwa bado ya barafu. Kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri kunaiharibu kabisa. Subiri irudi joto la chumba.

SHABANI: Kamera vilevile. Kabla hujaingia ndani, itie kwenye mfuko wa plastiki uufunge vizuri. Umande utashika plastiki badala ya lenzi. Usifungue mpaka ipate joto, nusu saa au zaidi kwa kamera kubwa.

REHEMA: Kwa hiyo mpiga picha akitoka nje na maharusi, akirudi ukumbini awe na kamera nyingine iliyobaki ndani. Vinginevyo maharusi wanaingia yeye anafuta kioo. Pawabanki?

SHABANI: Begi la mkononi, kamwe si la chini. Mpaka 100 Wh, yaani saa za wati, kipimo cha nishati ya betri, huhitaji kibali cha shirika la ndege. Ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, inapita.

REHEMA: Namba hiyo imeandikwa pembeni ya pawabanki, ndogo ndogo. Kama maandishi yamefutika wanaweza kuizuia, kwa hiyo waangalie kabla ya...

SHABANI: Na wasibebeshe mtu mmoja zote, kila mmoja ashike ya...

REHEMA: Tumekatwa. Hela za kundi kipindi kijacho, na Shabani haruhusiwi kuja na soksi.