Kusafisha Martini-Henry ya babu iliyovikwa fedha

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Hii mnayoiona mezani ni Martini-Henry, bunduki ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871. Huku Oman ziliingia nyingi kupitia Maskati, masonara wakazivika fedha, na mpaka leo utaziona zikibebwa harusini na kwenye razha, ngoma ya wanaume ya panga na mashairi. Hii ya babu tunaisafisha ikae ukutani, si ya kupigia.

Usalama kwanza. Elekeza mtutu pasipo na mtu, shusha huu mkono wa chini mpaka kibao cha ndani kifunguke, mulika tochi utazame chemba. Ukiona risasi imekwama, usiichokoe. Iache hapo hapo, piga simu polisi.

Vaa glavu, maana jasho la vidole huacha alama kwenye fedha.

Sasa sogea uone pete hii ya fedha iliyouzunguka mtutu. Bati lake jembamba kama ganda la kitunguu, limeshikwa kwa vijipini. Fedha ya zamani ya huku mara nyingi ni reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa, zile sarafu za fedha za Austria zenye mwaka 1780. Chukua unga laini wa chaki, tia maji safi na spiriti kidogo, uwe kama uji mzito. Chovya pamba, sugua polepole pale palipoinuka tu. Weusi uliojikalia ndani ya nakshi uache! Ndio unaoyatoa maua yaonekane. Niliwahi kuichovya pete moja kwenye dawa ya dukani. Iling'aa kweli, lakini nakshi ikafa, na inaniuma kila nikiitazama. Ondoa chaki yote kwa mswaki laini wenye unyevu, kausha papo hapo, maji yasije yakapenya chini ya bati.

Kwenye chuma, tone la mafuta mepesi na stilwaya laini kabisa, tena kwenye kutu nyekundu peke yake. Hapa ubavuni kulia pana taji, herufi V.R., yaani Malkia Victoria, na mwaka. Hapa usipaguse, ndiyo nasaba ya bunduki hii.

Kitako ni mti wa jozi. Msasa marufuku! Kitambaa chenye unyevu kidogo, kikauke, halafu nta nyembamba. Mafuta ya kitani mimi siyataki, hunata na kukusanya vumbi.

Nta hiyo hiyo ipitishe juu ya fedha na chuma, kisha ipanguse. Ukitaka kuihifadhi, ifunge kwa kitambaa cha pamba. Sufu na mpira vina salfa, fedha itakurudia nyeusi.