Ufa wa Ekzosi Huanzia Kwenye Bolti

Asanteni, karibuni tukae. Bomba hilo la ekzosi lililo mezani lipitisheni mkono kwa mkono kabla sijaanza, maana nusu ya mhadhara iko juu yake. Limetoka kwenye kwadi ya mbio, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya cc 450, silinda moja, injini ya mipigo minne. Tazameni pembeni mwa weldi ya kibao kinachoshikilia silensa: kuna ufa. Sasa sogezeni macho kidogo kulia. Pale pana weldi nyingine ya zamani, imekaa vizuri, haina tundu wala kasoro. Yaani bomba hili lilishawahi kuzibwa, likazibwa na fundi anayejua kazi, na bado limepasuka jirani tu na alipoziba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa gereji. Wao wakiona ufa wanawaza mashine ya kuchomelea. Mimi najiuliza kwanza ni nani alilifunga bomba likiwa limevutwa.

Silinda moja hutetemeka, hilo halina dawa. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, nalo ni kwamba bomba hurefuka likipata moto. Bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye urefu wa sentimita 80, likipanda nyuzi 400 za Selsiasi huongezeka karibu milimita 5. Hizo milimita lazima zipate pa kwenda. Ndiyo maana vipande huunganishwa kwa springi, na silensa huning'inizwa kwenye raba. Sasa raba ikikauka, mtu anaitupa na kuweka washa za chuma, anatikisa silensa, anafurahi kwamba haichezi. Haichezi kweli! Mvutano wote umehamia kwenye chuma, na chuma huchoka kwanza kwenye ukingo wa weldi.

Chanzo kingine ni kuanguka. Kwadi ikipinduka kinyumenyume, au ikipigwa kumbo kwenye kona, fremu ndogo ya nyuma hupinda kiasi ambacho macho hayakioni. Matundu ya bolti ndiyo yanayokiona. Legeza kila kitu, kisha utazame kama tundu la kibao linakutana na tundu la fremu bila kulazimishwa. Ukijikuta unasukuma silensa kwa goti, au unachomeka bisibisi ili uvute tundu lije, acha hapo hapo. Nyoosha fremu, au rekebisha kibao, au panua tundu kwa tupa. Bolti si chombo cha kunyooshea kitu.

Kufunga kuna utaratibu wake. Weka gasketi mpya kwenye hedi, yaani kichwa cha injini ambako bomba huanzia, kisha nati, springi na bolti za silensa, zote kwa vidole tu. Tikisa bomba lijitafutie mahali pake. Halafu anza kukaza hedini, nati hii kidogo na ile kidogo ili flenji, ule mdomo wa bomba unaobanwa na nati, isikae upande, ndipo urudi nyuma hadi silensa. Wengi huanza na silensa kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono, na hapo wanakuwa wameshapanda mbegu ya ufa.

Kuvuja hedini utakujua kwa masizi meusi kuzunguka flenji, na kwa milio ya kupasuka unapoachia akseleta: hewa huingia penye upenyo, na mafuta ambayo hayakuungua yanawakia ndani ya bomba. Angalia hapo kabla hujaigusa kabureta.

Basi tuje kwenye kuchomelea. Toa bomba kwenye kwadi, hasa kama injini ni ya indijekta, inayopulizia mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, maana umeme wa weldi unaweza kuiua kompyuta hiyo. Safisha hadi chuma king'ae, ndani na nje. Toboa tundu la milimita 2 au 3 kila mwisho wa ufa, mbele kidogo ya pale unapodhani umeishia, usije ukaendelea kutambaa chini ya weldi. Jaza argoni, gesi inayoikinga weldi na hewa, ndani ya bomba pia. Bila hiyo, chuma kisichoshika kutu huota magamba ya kuungua upande wa ndani, na titani, chuma chepesi cha baadhi ya mabomba ya mbio, huwa kavu na kuvunjika. Weldi ya titani ikitoka na rangi ya fedha, ni nzima. Ikiwa ya kijivu au imetoa unga mweupe, ikate urudie. Ukiongeza kiraka, viringisha pembe zake, kwa kuwa pembe kali huzaa ufa mpya.

Na hili naomba mlisikie vizuri. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Zikikutana na moto wa weldi zinaweza kutoa fosijeni, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Safisha kwa asetoni, na iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha mashine.

Sufi ya ndani ya silensa, ile inayomeza kelele, nitaigusa tu: ikiungua, kelele huongezeka na ganda la nje huchemka hadi kubadilika rangi. Ibadilishe mapema, ni kazi ya riveti chache.

Nimeulizwa pia kuhusu utepe wa kufunga bomba ili joto lisitoke. Kwa mbio za matope siupendi. Hushika maji, huleta kutu, na ufa ukitokea chini yake huuoni mpaka bomba limekatika. Mwenye nao aufungue kabla ya msimu, apige brashi ya waya, aangalie kila weldi. Akishalirudisha bomba, aiwashe injini ipate moto, aiache ipoe kabisa, kisha arudie nati za hedi. Gasketi mpya hujibana ikipata joto, kwa hiyo nati iliyokuwa imekaza vizuri huenda ikakubali kuzunguka tena kidogo.