Marejesho Asilimia 100, Mashine Haipo

Asanteni. Naona wahasibu mmekaa mbele, maafisa maendeleo ya jamii mmejificha nyuma. Haya, tuanze na hesabu.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri mnaijua: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Mwaka 2023 serikali iliusimamisha, vikundi hewa na madeni sugu vimezidi, 2024 ukarudi. Tangu hapo kila kikao ninachokaa swali ni moja tu: wamerejesha?

Miaka ya nyuma nilikwenda kukagua kikundi cha vijana waliokopa wanunue mashine ya kufyatulia matofali. Faili safi kabisa. Marejesho asilimia 100, stakabadhi zimebanwa kwa mpangilio, na picha ya siku ya makabidhiano, wote na fulana mpya. Nikaomba nionyeshwe mashine. Wakatazamana. Kumbe iliuzwa zamani, wakagawana. Mmoja akaanzia bodaboda, wengine sikuwaona. Rejesho alikuwa akilipa katibu peke yake, kwa faida ya genge la mama yake, kwa kuwa nyumba yao ndiyo mtendaji anayoijua. Kwenye taarifa yetu hicho kilikuwa kikundi cha mfano!

Sasa katibu yule tumemsaidia au tumemuumiza? Fomu haina kisanduku cha jibu hilo. Na mwenye bodaboda je, si angeipata hata kwa mkataba, bila sisi?

Hapo ndipo ninapowapenda wenzetu wa Ujana Salama, mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, na UNICEF kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya zinazopata ruzuku. Vilichukuliwa vijiji 130 katika Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo. Kwa bahati nasibu, nusu vikapata ruzuku pamoja na mafunzo, walezi wa kuwashauri vijana na mtaji mdogo; nusu vikaendelea na ruzuku peke yake. Vijana wa pande zote walihojiwa 2017 kabla ya kuanza, kisha wakafuatwa tena. Kwa hiyo aliyeuliza mafunzo yanaongeza nini juu ya ruzuku alikuwa na wa kumlinganisha naye. Bahati nasibu inauma, najua, mwenye kijiji kilichokosa hakuelewi. Lakini kujuana kunauma zaidi.

Ninyi hamhitaji vijiji 130. Maombi yanazidi fedha kila mwaka, na orodha ya waliotimiza vigezo wakakosa mnayo, imelala kabatini. Itunzeni na namba zao za simu. Baada ya mwaka wapigieni wao na waliopata, mmoja mmoja, si mwenyekiti wa kikundi: unafanya nini sasa, unaingiza kiasi gani, unadaiwa na nani? Gharama yake ni vocha.

Katibu yule nilimuuliza niandike nini kwenye taarifa. Akaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu. "Andika deni limekwisha, bosi. Na jina langu usilirudishe tena kwenye kikundi."