Namna ya Kuwalisha Bata Mwitu Bwawani bila Kuwadhuru

Karibu, mpenzi mtazamaji. Tupo Bagamoyo, kwenye bwawa lililo kando ya mashamba ya mpunga kuelekea Mto Ruvu, na wale walio ng'ambo, wenye uso mweupe na sauti ya mluzi, ndio wageni wetu wa leo. Bata hawa hujilisha zaidi usiku, kwa nyasi, mbegu na wadudu wa majini, kwa hiyo tutakachowapa ni kionjo tu.

Chukua mtama au chenga za mchele, kiasi cha kujaza viganja viwili. Vyote viwili ninaviuza sokoni, lakini mimi napendelea chenga, kwa sababu hata bata mdogo huzimeza kwa urahisi. Maandazi na mkate uwaachie wanywa chai. Vinashibisha bila kumjenga ndege, na masalia yake huoza na kuchafua maji.

Sasa naomba usipeleke video mbele. Kabla ya kutoka nyumbani, mimina nafaka kwenye ungo, juani, uvunje kila bonge na kunusa. Ukiona ukungu, au ukisikia harufu ya uvundo, nafaka yote ifukiwe, wala usiwape kuku. Bata hudhurika upesi mno kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hasa wakiwa vifaranga: mwaka 1960, nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo, na vifaranga wa bata nao hawakusalimika. Kuosha hakuiondoi, kuanika upya hakuiondoi, na hata kupika hakuimalizi. Narudia, vunja mabonge na unuse, kwa maana ukungu hukaa katikati ya bonge huku nje pakionekana pasafi.

Tukishafika bwawani, tunasimama mbali kidogo na ukingo na kurusha kidogo kidogo mahali ambapo maji hayapiti kifundo cha mguu, ili punje zinazozama ziweze kufikiwa. Usiwazoeshe kula mkononi, kwani bata aliyekuzoea wewe atamzoea na mwenye manati.

Samahani, picha imeyumba kwa sababu kunguru wamekwisha kufika. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu ni kizazi cha wale walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, na wanapozoea kupata chakula mahali, hubaki hapo wakiwinda mayai na vifaranga vya ndege wengine. Tunasimama kwanza... Mpiga picha, tafadhali rudi nyuma. Naam, bata nao wamesogea mbali, hivyo siwezi kukuonyesha mrusho wa pili, na ni afadhali hivyo kuliko kuwafuata. Punje zilizoanguka nchi kavu nazikusanya zote, nawe ufanye vivyo hivyo hata kama kunguru hawaonekani.

Ikiwa unafuga kuku au bata nyumbani, sugua soli za viatu kwa maji na sabuni, unawe mikono, na ubadilishe nguo kabla ya kuingia bandani, kwa kuwa ndege wa mwituni huweza kubeba virusi vya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote. Ungo nao uoshwe na kuanikwa peke yake.