Uzito Ukikushinda, Chuma Kitaangukia Wapi?

Makocha, msinianzie na mkanda. Kila nikitaja uti wa mgongo, mkono unanyooshwa: mkanda wa ngozi wa kujifunga kiunoni upi mzuri? Swali langu ni jingine: uzito ukimshinda mtu, chuma kitaangukia wapi?

Januari 2014, Costa Mesa, California, Kevin Ogar alikuwa mashindanoni akifanya snachi, ule mnyanyuo wa kutoa chuma sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Kikamshinda, akakiachia kidondoke nyuma, kama wanyanyuaji wanavyofundishwa. Kikampiga mgongoni, akapooza miguu. Taarifa za wakati ule zilisema kilidunda kwenye sahani za uzito zilizokuwa nyuma yake. Sasa yupo atakayesema hakuwa na mbinu. Alikuwa mwanamichezo wa mashindano, jamani! Sahani ya mpira yenye kipenyo cha sentimita 45 ikitua sakafu tupu hudunda kwenda juu; ikitua ukingoni mwa rundo, hurushwa popote. Kwa hiyo, kabla mtu hajashika chuma, ondoeni sahani, benchi, chupa za maji, na watu. Wenye vyuma vya makopo ya zege mtaani, nyinyi msikiachie chuma nyuma kabisa.

Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, kupanga kitakapoangukia ni rahisi zaidi, ndiyo maana uvivu wenu unaniudhi. Beba chuma kitupu cha kilo 20, shuka hadi mwisho wako, mwenzio atazame kimefika tundu lipi la fremu ile mnayosimama ndani yake. Vyuma vya kuzuia, vile vya kudaka mzigo ukianguka, viingie tundu moja chini ya hapo. Vikiwa juu mno vitakugonga, utavitoa kwa hasira. Vikiwa chini mno, kifua kitaanguka kwanza, chuma kitapanda shingoni, na kiuno kitabeba mzigo kikiwa kimejikunja. Diski za chini kabisa za kiuno, ile mito iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, ndizo huchomoza. Ukishindwa, keti wima, usiiname.

Eti kuna msaidizi anayesimama nyuma akudake? Mtu mmoja hasimamishi kilo 140 zilizokwisha kuanguka.

Muda umekwisha, dedilifti, kuinua chuma sakafuni hadi usimame wima, sijaigusa. Haraka, basi: aliyeangukiwa msimkalishe, msimpakie bodaboda; shikeni kichwa kisicheze, abebwe juu ya ubao mgumu. Na yule anayetembea lakini ana ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, mkojo umegoma, au miguu yote miwili inalegea, aende hospitali saa hiyohiyo, si kwa mkandaji.